Mahekalu ya Nubia katika bustani ya Khartoum

Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kujengwa mwaka 1960, ilijulikana kwamba maji yake yangefunika bonde la Nubia, upande wa Misri na wa Sudan. Unesco ikatoa wito kwa mataifa mwezi Machi mwaka huohuo. Sifa nyingi ziliiendea Abu Simbel. Kazi ya Sudan haikuvuma sana, ingawa ina mafunzo mengi kwa mtunza makumbusho.

Chini ya usimamizi wa Friedrich Hinkel, mahekalu ya Buhen, Semna na Kumma, pamoja na sehemu za lile la Aksha, yalibomolewa jiwe kwa jiwe, yakasafirishwa hadi Khartoum na kujengwa upya katika bustani ya Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Yalipangwa kandokando ya mfereji ulio mfano wa Nile, ili mgeni aweze kuwazia mahali yalipotoka.

Lakini jiwe linapohamishwa huhamia pia katika hali nyingine ya hewa. Nubia ni karibu haina mvua; Khartoum hunyesha kati ya Julai na Septemba, na jiwe la mchanga haliwezi kustahimili maji kwa muda mrefu. Kwa hiyo mahekalu yalijengewa mabanda ya kusogezwa: yakafunikwa wakati wa mvua, yakafunuliwa wakati wa ukavu. Mpango huo wadai watu wa kuutekeleza kila mwaka. Gharama ya kuhamisha hulipwa mara moja, ya kutunza haina mwisho.

Kuna pia suala la umma wenyewe. Wakazi wa Wadi Halfa walihamishiwa Khashm el-Girba, mashariki mwa nchi, mbali na mahekalu ya wahenga wao. (Aliyeviona vyungu vya Sanga katika makumbusho ya Lubumbashi, mbali na ziwa Kisale, ataielewa hali hiyo.)

Vita vilivyozuka Aprili 2023 viliyatia makumbusho hayo katika uporaji mkubwa. Vitu vidogo vilichukuliwa. Uzito wa mahekalu, uliowatesa wahandisi miaka ya sitini, ndio ulioyaokoa. Kuhusu vilivyopotea, tegemeo ni daftari la makumbusho: kitu kilichoandikwa, kupimwa na kupigwa picha chaweza kudaiwa mpakani au sokoni, na kisichoandikwa hakina wa kukishuhudia.