Trela ya Baridi Hukaguliwa Chini ya Sakafu

Maneno "misimu minne" yamebandikwa ubavuni mwa trela nyingi za kulala zinazouzwa Marekani na Kanada. Mnunuzi huyasoma kama ahadi: kwamba ataikokota trela hiyo hadi milimani mwezi wa Januari, atalala humo na watoto wake, na asubuhi akifungua bomba maji yatatoka. Lakini hakuna sheria wala kiwango cha kitaifa kinachosema trela ipitie jaribio gani kabla ya kupewa sifa hiyo. Viwango vinavyofuatwa na watengenezaji wa huko vinahusu zaidi usalama wa moto, gesi, umeme na mabomba. Suala la baridi limeachiwa idara ya mauzo.

Ulaya wameliwekea utaratibu. Kiwango cha EN 1645 kinazipanga karavani katika madaraja ya joto. Ili kupata daraja la tatu, ambalo ndilo la juu, karavani huingizwa katika chumba chenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, kisha hita yake ifikishe joto la ndani nyuzi 20, na mfumo wa maji ufanye kazi. Mnunuzi wa Munich au Stockholm huuliza daraja, akajibiwa kwa namba. Mnunuzi wa Minneapolis au Calgary hana namba ya kuuliza, kwa hiyo inambidi alale chali chini ya trela na tochi mkononi. Ninamshauri afanye hivyo bila aibu, na muuzaji asiyependa kuona mteja akifanya hivyo aachwe na trela yake.

Sababu ya hali hii imo katika muundo wa biashara yenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ya magari na trela za kuishi za Amerika ya Kaskazini hutengenezwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, ndani na kandokando ya Elkhart. Makampuni makubwa ni matatu. Thor Industries inamiliki Airstream, Jayco na Keystone. Forest River ilinunuliwa mwaka 2005 na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett. Na Winnebago Industries iliinunua Grand Design mwaka 2016. Majina yanayoandikwa ubavuni ni mengi mno, ila chasisi, ekseli, madirisha na hita hutoka kwa wasambazaji wale wale wachache, na Lippert ni miongoni mwa wakubwa wao. Trela mbili zilizopishana bei kwa maelfu ya dola zinaweza kuwa zimesimama juu ya chuma cha kiwanda kimoja.

Viwandani humo kazi huanza alfajiri. Mafundi wengi, wakiwamo Waamishi, jamii ya Kikristo ya vijiji vya jirani, hulipwa kulingana na idadi ya trela wanazokamilisha. Ni utaratibu uliolisha familia nyingi na kuufanya mlango wa kuingilia katika utalii wa aina hii uwe wa bei ya chini, na sioni haki kuubeza. Hata hivyo unalipa kasi. Kujaza povu kwenye tundu ambalo bomba linapitia sakafuni huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo hazina anayezilipia. Mnunuzi wa kawaida, anayetoka wikiendi za kiangazi tu, hatalijua tundu hilo maisha yake yote. Atakayelijua ni yule aliyeamini maneno ya ubavuni.

Elkhart pia ni mji unaopanda na kushuka pamoja na mifuko ya watu. Mwaka 2009 ukosefu wa ajira huko ulikaribia asilimia 20, na Barack Obama alikwenda kuzungumza na wakazi wake wiki chache tu baada ya kuapishwa. Korona ilipofunga hoteli na viwanja vya ndege, mambo yakageuka: mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji magari na trela zaidi ya 600,000, rekodi ambayo sekta haikuwahi kuifikia. Kisha Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba, na kwa kuwa trela nyingi hununuliwa kwa mkopo, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2023 zilipelekwa 313,000 hivi, na mwaka 2024 karibu 334,000. Mabaki ya rekodi ile sasa yamejaa katika soko la mitumba, bei zikivutia. Mimi ningeinunua trela ya mwaka 2021 baada tu ya fundi huru kuikagua paa, kona na sakafu akiwa na kifaa cha kupimia unyevu, maana zilijengwa wakati oda zilikuwa zimezidi mikono na vipuri vilikuwa adimu.

Turudi chini ya sakafu. Trela ina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Kinachoganda kwanza kwa kawaida ni vile vitu vidogo, yaani vali ya kutolea majitaka, kipande cha bomba kinachoning'inia nje na kiwiko kilicho karibu na ukuta. Trela inayostahili baridi ina matangi, mabomba na vali zote ndani ya uvungu uliofungwa, wenye tabaka la kuzuia baridi, na hewa ya moto inaelekezwa humo kwa njia yake maalumu. Nyingi zilizobandikwa sifa ya misimu minne zina uvungu uliofungwa kwa karatasi ngumu ya plastiki pamoja na bomba moja dogo la hewa. Kwa usiku wa baridi ya wastani hilo linatosha. Baridi ikikaa siku tatu bila kuachia, halitoshi.

Kuna mtego hapa ambao wauzaji huutaja kwa nadra. Hewa ya uvunguni hutoka katika hita ya gesi. Mwenye trela akiegesha penye umeme, hupenda kuweka hita ndogo ya umeme ndani ili kuokoa gesi. Chumba kinapata joto, kipimajoto kinaridhika, hita ya gesi haingurumi tena, na uvungu haupati hewa yoyote. Watu wanalala vizuri juu ya matangi yanayoganda. Mifumo ya kupasha joto kwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, ambayo kampuni ya Alde ya Sweden imejijengea jina kwayo, hupunguza tatizo hili kwa sababu mabomba ya joto huzunguka chumba kizima bila kupiga kelele. Bei na uzito wake ni mkubwa, na huko Amerika mafundi wanaoijua ni wachache.

Gesi nayo ina hesabu yake. Hita yenye uwezo wa joto wa BTU 30,000 kwa saa ikiwaka mfululizo humaliza mtungi wa kilo 9 kwa saa 14 hivi. Haiwaki mfululizo, ila katika baridi kali hukaribia kufanya hivyo, kwa hiyo mitungi miwili ni siku chache tu. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ajue kuwa gesi inayotumika huko ni propani, inayogeuka mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi yetu ya jikoni huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke baridi inapofika karibu na sifuri. Mtungi uliojaa butani kwenye theluji ni mzigo mzito usiotoa kitu.

Hita hiyo hiyo inahitaji umeme wa betri kuendesha feni yake usiku kucha. Betri za asidi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwenye baridi. Betri za lithiamu ni bora kwa vipimo vingi, ila zina kasoro moja: hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, labda ziwe na kipasha joto chake au ziwekwe ndani ya chumba. Betri ya lithiamu iliyofungwa nje, mbele kwenye mkono wa kukokotea, ni fedha iliyowekwa mahali pabaya.

Madirisha ya kioo kimoja yanatosha kuiharibia trela sifa zake zote. Watu wanne wanaopumua na kupika ndani ya chumba kidogo hutoa maji mengi hewani, na maji hayo huishia kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote: kioo, fremu ya alumini, kichwa cha skrubu. Asubuhi unaona mistari ya unyevu ukutani inayofuata nguzo za alumini zilizofichwa. Baada ya misimu kadhaa plaiwudi huanza kuachana. Madirisha ya akriliki ya tabaka mbili ni ya kawaida Ulaya na Australia. Amerika bado huuzwa mara nyingi kama nyongeza ya kulipia.

Kuhusu barabara mbovu, wajuzi ni Waaustralia. Barabara ya Gibb River, kilomita 660 ndani ya eneo la Kimberley, ina sehemu ndefu ambazo uso wake umejikunja kama bati, na gari likipita humo kila nati ya trela hutikiswa kwa saa nyingi. Watengenezaji wa Campbellfield, kaskazini mwa Melbourne, wamejifunza kutokana na trela zilizorudi zimepasuka. Kila gurudumu lina springi na shokapu zake, kiungio cha kukokotea kinajipinda pande zote, na milango ina mipira ya kuzuia vumbi. Amerika, kifurushi cha nje ya lami mara nyingi huwa ni ekseli iliyoinuliwa, matairi yenye meno makubwa na rangi ya kijeshi, chini kukiwa na chasisi ile ile ya kawaida. Swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: je, chuma chenyewe ni kinene zaidi, na dhamana inabaki hai nikitoka nje ya lami? Kitabu cha dhamana ndicho cha kusomwa, maana hukanusha yale ambayo picha za matangazo zinaonyesha.

Afrika ililijaribu jambo hili mapema. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa trela takriban 40 za alumini kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Kenya na Ethiopia, wakafika Misri mwaka 1960 na kupiga picha mbele ya mapiramidi, picha ambazo kampuni ilizitumia kujitangaza. Leo makampuni ya kukodisha magari ya safari Arusha na Nairobi hufunga hema juu ya paa la Land Cruiser badala ya kuvuta trela, na yana sababu nzuri: kilo ambayo hukuikokota haikwami.

Hapo ndipo ugumu wa uchaguzi ulipo. Baridi inadai kuta nene, vioo viwili, matangi ya ndani, gesi nyingi na betri kubwa. Njia mbovu inadai wepesi, ufupi na uvungu ulio juu. Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200. Mzigo unaokaa kwenye kiungio cha gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela, hivyo trela ya tani tatu inaweka kilo 300 au zaidi mgongoni mwa pikapu kabla familia haijapanda. Anayesema trela yake inayaweza yote mawili kikamilifu ameongeza ama bei ama uzito, na kwa kawaida vyote.

Waliokaribia zaidi ni viwanda vidogo vilivyo mbali na Indiana. La Grande, mji wa mashariki mwa Oregon uliozungukwa na milima, ndiko ziliko Northwood, inayotengeneza trela za Arctic Fox na kuunda chasisi zake yenyewe, na jirani yake Outdoors RV. Armstrong, katika British Columbia, Bigfoot huunda maganda ya faibaglasi yenye povu gumu na viungo vichache vya kuvujisha maji. Oliver ya Hohenwald, Tennessee, hutumia maganda mawili ya faibaglasi, moja ndani ya jingine. Viwanda hivi hutoa trela chache, foleni yao inaweza kuwa ndefu, na bei hazina huruma. Lakini ganda la faibaglasi halina plaiwudi ya kuoza, na trela zake zilizotumika hushikilia thamani kuliko wastani wa soko. Mwenye fedha za trela kubwa ya kawaida ningemwelekeza kwenye ndogo ya faibaglasi, na tofauti itakayobaki aiweke kwenye betri, madirisha na shokapu.

Liko pia suala la mkopo na kalenda. Benki za Marekani hukopesha kwa trela kwa miaka 10, 15, hata 20, huku thamani ya trela ikishuka kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo. Mwenye kutaka kuuza mwaka wa tatu hukuta deni limezidi bei ya sokoni. Dhamana ya kiwanda kwa kawaida ni mwaka mmoja, na katika majimbo mengi sheria zinazomlinda mnunuzi wa gari bovu hazigusi trela za kukokotwa. Anayenunua mwezi wa Machi huona baridi ya kweli kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba, dhamana ikiwa imebakiza miezi mitatu hivi, na karakana ya muuzaji ikiwa na foleni.

Kwa hiyo ninunue lini? Januari, katika mji wenye theluji. Muuzaji ana trela za mwaka uliopita anazolipia riba na wateja hana. Mwombe aache trela moja nje usiku kucha, hita ikiwaka kwa gesi na matangi yakiwa na maji, nawe uje alfajiri na kipimajoto cha bei nafuu ulichokiacha uvunguni jioni. Baadhi watakataa. Atakayekubali, anza naye mazungumzo ya bei.