Hewa ina bei, lakini faida anakula nani?

Ukinunua jiko la kisasa mtaani kwa bei ya chini kuliko ulivyotarajia, huenda kuna kitu nawe umeuza bila kujua: moshi ambao hutautoa.

Iko hivi. Mwenye kampuni ya majiko anakadiria makaa ambayo hutachoma mwaka mzima. Hesabu hiyo anaigeuza kuwa tani za kaboni dayoksaidi, kisha anaziuza kwa kampuni, mara nyingi ya ng'ambo, inayotaka kufidia uchafuzi wake. Mkwanja huo ndio humwezesha kukupunguzia bei.

Hilo ndilo soko la kaboni. Bidhaa yake huitwa krediti, na usiichanganye na kredo ya simu. Krediti moja ni tani moja ya hewa chafu iliyozuiwa isiingie angani, au iliyoondolewa huko. Wazo ni rahisi: badala ya serikali kupiga marufuku kila kitu, kuchafua kuwe na gharama, na anayetunza alipwe.

Je, linafanya kazi? Nenda Gazi, Kaunti ya Kwale. Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wameuza krediti kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda takriban hekta 117 za mikoko, ambayo huficha kaboni nyingi kwenye matope yake. Krediti zao ni kama 3,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zimesaidia kuleta maji na kuboresha shule, na wenyeji ndio huamua pesa ziende wapi. Mwaka wa 2017 mradi huo ulishinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Baadaye majirani wao wa Vanga nao wakaanzisha mradi wao wa mikoko.

Lakini si kila mahali mambo ni shwari. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, kwani wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Mojawapo ya hifadhi hizo ilikuwa katika mradi mkubwa wa kaboni wa nyanda za malisho kaskazini mwa nchi. Wafugaji walikuwa wakiuliza swali moja tu: nani aliwauliza?

Hesabu nayo ina utata. Huwezi kupima kwa mizani moshi ambao haukutoka. Mtaalamu hukisia ungechoma makaa kiasi gani bila jiko lile, na anayeuza ananufaika kisio likiwa kubwa. Utafiti wa wasomi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa 2024, ulipata kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai krediti takriban mara 9 zaidi ya ilivyostahili. Tani hewa hiyo haisaidii tabianchi. Pia inaharibu jina la miradi inayofanya kazi kwa uaminifu, na bei inaposhuka sokoni, hata mzee wa Gazi anaumia.

Kenya imejaribu kuweka utaratibu. Septemba 2023, siku chache kabla ya Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi jijini Nairobi, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Mradi unaotumia ardhi ya jamii sasa lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii hiyo. Wenyeji wanafaa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama za uendeshaji zikishaondolewa. Kwa miradi isiyotegemea ardhi, kiwango ni asilimia 25.

Umeona maneno "gharama zikishaondolewa"? Hapo ndipo pa kukodolea macho. Asilimia 40 ya kitita ni pesa. Asilimia 40 ya kilichobaki baada ya magari, washauri na ofisi inaweza kuwa ya chai tu.

Kwa nini haya yakuhusu wewe unayekaa Umoja au Bamburi? Kwa sababu mawakala wakifika ushago, watakaoketi kwenye baraza ni wazazi wako, na mkataba wa kaboni unaweza kudumu miaka 30. Atakayeishi nao ni wewe. Halafu wewe ndiwe mwenye simu, intaneti na muda wa kusoma kurasa zote.

Kwa hivyo, mkataba ukiletwa, omba nakala kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, kisha uliza: Tani ni ngapi, na ni nani huru aliyezihakiki? Zitauzwa bei gani, na tutaonyeshwa risiti? Gharama zipi zinaondolewa kwanza? Ng'ombe watalisha wapi? Tukitaka kujitoa, tunatokaje? Na kamati ya pesa tumeichagua wenyewe, au imeletwa ikiwa tayari?

Mwenye mradi safi atakujibu bila jasho. Akianza kukwambia "sahihi kwanza, maswali baadaye", mwambie mzee aweke kalamu mfukoni.