Sauti ya Uzeeni na Shairi la Kale: Nguvu ya Hisia katika Albamu ya Zein l'Abdin

Utangulizi

Wapenzi wa taarab ya Mombasa husema kwamba rekodi za msanii aliyekula chumvi nyingi huwagusa kuliko zile za ujana wake. Kauli hiyo inaonekana kupingana na akili, kwani ujana ndio wakati wa pumzi ndefu na koo laini. Makala haya yanakusudia kufafanua chanzo cha nguvu hiyo kwa kumchukua Zein l'Abdin Ahmed Alamoody kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba hisia hizo hazitokani na huruma anayopewa mzee, bali na namna umri wa mwimbaji unavyobadilisha maana ya shairi lile lile.

Msanii na albamu

Zein l'Abdin alizaliwa Lamu mwaka 1939, akafanya sehemu kubwa ya kazi yake Mombasa, na kufariki mwaka 2016. Alihesabiwa miongoni mwa wapigaji udi hodari kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu yake Mtindo wa Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 20, akiwa na umri wa karibu miaka 60, kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa albamu nyingine, The Swahili Song Book. Jina hilo, ambalo maana yake ni kitabu cha nyimbo za Kiswahili, lina uzito wake. Kitabu ni mahali pa kuhifadhia, na mwenye kuhifadhi huwa ameshaanza kuwafikiria watakaokuja baada yake.

Katika kazi hiyo ya kuhifadhi Zein hakuwa peke yake. Pamoja na Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, malenga na mwanaleksia mashuhuri wa pwani, alizitafuta tungo kongwe, nyingine za karne ya 19, akazitilia mahadhi na kuzirudisha masikioni mwa watu. Kwa hiyo, tunapomsikia Zein tunasikia nyakati mbili: wakati wa mtunzi aliyekwisha kuzikwa na wakati wa mwimbaji.

Sauti na maneno

Chanzo cha kwanza cha hisia ni sauti yenyewe. Kijana aimbapo, msikilizaji huvutwa na mapambo: mitetemo, kupanda na kushuka, na pumzi isiyokatika. Umri unapoyapunguza mapambo hayo, maneno hutokeza mbele. Ushairi wa Waswahili umejengwa juu ya mizani, vina na vipande, na mwimbaji mzima hujua mahali pa kutua. Anaweza kumaliza ukwapi, akauachia udi ujibu, kisha ndipo akaingia utao. Katika kituo hicho kifupi msikilizaji hupata nafasi ya kulitafakari neno kabla ya kuletewa jingine. Udi nao una tabia ya kusaidia: sauti yake hufifia mara tu uzi unapoguswa, tofauti na fidla au kinanda, ambavyo huweza kuishikilia noti. Hivyo kila pigo hubeba ndani yake kumalizika kwake.

Lahaja pia ina sehemu yake. Tungo za kale za kaskazini huja na Kiamu chake, ambamo mtu husema "yeo" badala ya leo na "ndoo" badala ya njoo. Kwa msikilizaji wa Kibokoni au Kuze, maneno hayo ni lugha ya babu na bibi, naye huyasikia kama aitwaye na mtu wa nyumbani.

Fumbo hubadilika na umri

Chanzo cha pili, ambacho ndicho kikubwa, kinatokana na fumbo. Taarab hupenda kumtaja "mpenzi" bila kumtambulisha. Kijana akimwita mpenzi arudi, hadhira ya harusini hufikiria mwanamwali fulani, pengine hata hutazamana kwa macho. Maneno hayo hayo akiyaimba mtu wa miaka sitini, hadhira haiwezi tena kuishia kwa mwanamwali. Mpenzi aliyeondoka huweza kuwa ujana, rafiki waliotangulia mbele ya haki, au mji ambao nyumba zake za kale zinabomoka moja baada ya nyingine. Hakuna silabi iliyobadilishwa. Aliyebadilika ni msemaji.

Jambo hili si la Mombasa pekee. Kule Unguja, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliendelea kuimba akiwa ajuza nyimbo za Siti binti Saad, ambaye alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Mwaka 2005 Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX. Mahaba na dunia alivyoviimba yeye vilikuwa ushahidi wa mtu aliyeviona vyote viwili.

Tahadhari mbili

Yafaa kuongeza tahadhari. Kwanza, uzee peke yake haufanyi sanaa. Shairi lisilo na kina halitapata kina kwa kuimbwa na mzee. Pili, si kila fundi huchagua kuaga kwa albamu. Juma Bhalo, gwiji wa taarab yenye mahadhi ya Kihindi, ambaye nyimbo zake nyingi zilitungwa na ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, aliacha kuimba miaka kadhaa kabla ya kufariki Aprili 2014. Kwa wapenzi wake, ukimya huo ulikuwa na uzito wake.

Hitimisho

Ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, basi mtindo wa kuufundisha wimbo kama maandishi matupu ubaoni una upungufu. Mwanafunzi anayehesabu mizani na vina bila kusikia nani anaimba, na katika umri gani, huikosa nusu ya maana. Kazi iliyopo ni ya haraka. Nabhany alifariki Januari 2017, mwanzoni mwa mwaka uliofuata ule uliomchukua Zein. Kaseti zilizorekodiwa na kuuzwa Mji wa Kale na maduka kama Mbwana Radio Service ziko makabatini, na utepe wa kaseti huharibika kwa joto na unyevu wa pwani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza na zile zilizomo majumbani mwao: kuzinakili, kuandika jina la mtunzi, la mwimbaji na mwaka, na kuwauliza wazee maana ya mafumbo yake wakati bado wapo wa kuulizwa.