Kunguru Hasahau Sura

Wakulima husema ya kuwa kunguru humjua mtu aliyemtupia jiwe. Neno hili si upuzi, wataalamu wamelijaribu.

Mwaka 2006 Bwana John Marzluff, mwalimu wa chuo kikuu mjini Seattle, Marekani, na wasaidizi wake walivaa barakoa yenye sura ya kutisha, wakanasa kunguru 7, wakawatia alama miguuni, wakawaachilia. Tangu hapo kila aliyepita na barakoa ile alizomewa, ijapokuwa hakufanya baya. Miaka zaidi ya 5 ilipita, wala hawakusahau. Tena wazomeaji hawakuwa wale 7 tu: wenzao waliojionea walijifunza, na makinda wakafunzwa na wazazi wao.

Kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, ni jamaa yao. Waliojaribu kuwapunguza wameona jinsi wanavyouepuka mtego upesi. Basi, ategaye mbele ya kundi zima amewaonya wote. Heri kwanza tufukie takataka na kuwafunika vifaranga, kwa maana penye njaa kunguru hakai.