Dira ya Maji Isemayo kwa Uchache

Apitaye katika vichochoro vya miji yetu ya pwani humwona msoma mita ameinama, akifunua kifuniko cha chuma, akipangusa tope kwa kidole juu ya kioo cha dira, kisha akinakili tarakimu. Na ikiwa lango limefungwa na mwenye nyumba yu safarini, aghalabu huandikwa makadirio, nayo makadirio hayo ndiyo chimbuko la ugomvi mwingi wa ankara.

Kusoma dira kwa mawimbi ya redio kumekusudiwa kuondoa taabu hiyo. Walakini dira ya maji si kama ya umeme, ambayo imekaa juu ya chemchemi ya nguvu na haikosi chakula. Hii imefukiwa shimoni chini ya chuma, pengine imezama katika maji ya mvua, navyo chuma na maji ni mahasimu wa mawimbi, tena betri yake ndogo ya lithiamu yatakiwa idumu miaka 10 au zaidi. Ndipo mafundi wakafuata njia ya ubakhili: sumaku huzunguka pamoja na kishale cha dira, kila mzunguko ukahesabiwa, na redio hulala kutwa, ikaamka mara chache, ikatamka baiti kadhaa, ikalala tena.

Mojawapo ya njia za redio za ubakhili huo ni LoRa, iliyobuniwa Grenoble, Ufaransa, na kampuni ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Wimbi lake ni mfano wa mluzi upandao taratibu kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na mpokezi aujuaye umbo lake huutambua hata ukiwa dhaifu kuliko makelele yauzungukayo. Mluzi ukirefushwa hufika mbali zaidi, lakini kila daraja la urefushaji huo, kuanzia la 7 hata la 12, huongeza muda wake takriban maradufu, na betri ndiyo ilipayo gharama.

Faida iliyo kubwa kwangu si ankara, bali usiku: dira ikitunza hesabu ya kila saa, na saa nane za usiku, watu wote wamelala, maji yangali yakipita, basi kuna bomba livujalo. Lakini hesabu iyo hiyo hubainisha pia nyumba isiyo na mtu, na kwa hofu ya namna hii Seneti ya Uholanzi mwaka 2009 ilikataa kulazimisha raia dira erevu za umeme na gesi. Sharti, basi, maneno ya dira yafungwe kwa ufunguo wa siri, ambao katika LoRaWAN, yaani kanuni za mtandao utumiao LoRa, una biti 128.

Nashikilia pia kwamba siku ya kufungwa dira, tarakimu ya kiooni na ile iliyofika ofisini zilinganishwe mbele ya mteja mwenyewe, kwa kuwa hesabu ikianza na kosa, redio italipeleka kosa hilo kwa uaminifu kila siku mpaka betri itakapokwisha.