"Sisi Hatukuwa Watumwa"

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Tabora na kazi ya kozi ya saikolojia: eleza maana ya kukana kwa mfano wa maisha yako. Mfano nilikuwa nao tayari, tena tunaujua wote. Mtu ameshaona matokeo, ana sapu mbili, anazima simu, anasema mfumo una shida, halafu huyo anaenda kuangalia mpira. Nilishaanza kuuandika, Bibi akaniharibia.

Nilimuuliza tu kuhusu miembe. Kwetu wazee husema miembe mikongwe inaonyesha ilipopita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Nikamuuliza babu yake yeye alifikaje hapa. "Alikuja na msafara," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini sisi hatukuwa watumwa." Akarudi kuchambua maharage yake.

Mimi sikuwa nimetaja utumwa.

Sigmund Freud aliandika makala fupi mwaka 1925 kuhusu jambo hilihili. Mgonjwa anasimulia ndoto aliyomwona mwanamke, na anawahi kusema kwamba huyo si mama yake. Kwa Freud, hiyo "si" ndiyo inayolipa jambo lililofichwa ruhusa ya kutoka, mradi litoke likiwa limekanwa. Binti yake, Anna, alitoa kitabu mwaka 1936 kuhusu njia ambazo nafsi hujilinda nazo, kukana ikiwamo. Hapo ndipo kukana kunapoachana na uongo. Mwongo anaujua ukweli, anakuficha wewe. Anayekana anajificha yeye mwenyewe, na mara nyingi hata neno la uongo halimtoki.

Maana Bibi anaweza kuwa sahihi kabisa. Wapagazi wengi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi huru, waliolipwa ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabika mwanaume. Lakini njia ileile ilipitisha mateka, wengi wao kutoka Umanyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na si wote waliofikishwa pwani. Wengine walibaki hapahapa Unyanyembe wakilima mashamba ya wafanyabiashara wa Kiarabu, na hata ya Wanyamwezi waliokuwa safarini. "Alikuja na msafara" inawatosha wote, aliyelipwa na aliyefungwa kamba.

Mwanasosholojia Stanley Cohen, mzaliwa wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 2001 alitaja namna tatu za kukana: kusema jambo halikutokea, kukubali lilitokea ila kulipa jina jingine, na kukubali yote, ila kukataa kwamba linatudai chochote. Hiyo ya pili ndiyo kipenzi cha serikali. Wajerumani waliingia nchi hii wakijinadi kuwa wanapiga vita utumwa. Wakishakaa, hawakuufuta. Walisema utumwa wa huku ni wa nyumbani, mpole, wala haufanani na ule mwingine. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, misafara ikafa, utumwa bado ni halali! Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Si zama za kale hizo, jamani. Mama yake Bibi alikuwa msichana.

Nilikuwa tayari kumweka Bibi kapu moja na Wajerumani. Mama ndiye aliyenizuia. Miaka ya themanini, akanisimulia, mama mdogo alichumbiwa. Upande wa pili wakatuma mtu kuulizauliza asili yetu. Posa ikafa bila maelezo, na mama mdogo hakuolewa tena.

Sheria ya 1922 ilimwondolea mtu bwana wake, haikuwafuta majirani kumbukumbu. Sehemu iliyobaki watu walijimalizia wenyewe: wakachukua majina mapya, wakajishikiza kwenye koo, wakasema walikuja na msafara. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtawala alikana asije akagombana na matajiri wenye watumwa. Hawa walikana ili waoe, warithi, wazikwe pamoja na wenzao. Darasani tulifundishwa neno moja kwa hao wote, na kwa kweli mimi limenishinda kulitumia hivyo. Sijui kama babu yake Bibi alikuwa mateka, wala sidhani kama Bibi mwenyewe anajua. Kuna watu walikana kwa bidii hadi watoto wao wakaamini, na nadhani hilo ndilo walilotaka.

Kazi ya kozi niliiwasilisha na mfano wa sapu. Nikapata B+.

Makala hii ni jambo jingine, kwa hiyo kabla ya kuituma nilimpigia Bibi simu kuomba ruhusa. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. "Andika," akasema, "ila ukoo usiutaje." Kisha akaniuliza kama bumu limeingia.