Barafu ya Baharini na Mzigo Mzito

Msomaji wa Nakuru aliyepata kuliona ziwa letu katika mwaka wa ukame anajua jinsi tope la ukingoni linavyofanya ganda jeupe la magadi. Heroe hupita juu yake bila taabu; nyati akikanyaga, huenda akazama.

Huko Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, bahari nayo hufanya ganda, lakini la barafu. Watu hupitisha matrekta juu yake, na hata ndege kubwa hutua. Tarehe 6 Januari 1956, baharia wa Marekani, Richard T. Williams, alikuwa akiendesha trekta karibu na McMurdo. Barafu ikapasuka, akazama na kufa. Uwanja wa ndege wa huko ukapewa jina lake.

Sababu yake ni nini? Barafu hii haina nguzo, yaelea tu. Ukiweka mzigo, hubonyea kama kitanda cha kamba kilicholaliwa, na maji huisukuma kutoka chini. Upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Na barafu hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo ufa wa kwanza huanzia chini, mahali asipopaona dereva. Nyufa hutawanyika kama spoki za baisikeli, na hata hapo barafu yaweza kuwa bado inabeba. Ukitokea ufa wa mviringo kuuzunguka mzigo, basi yamekwisha.

Unene ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka karibu mara nne. Lakini maji ya bahari huganda kwenye digrii 1.8 hivi chini ya sifuri, na chumvi husalia ndani katika vijitundu vya maji. Joto likipanda, vijitundu hupanuka na barafu hulegea. Na Januari ndiyo kiangazi cha huko.

Wala kusimama si salama, maana mzigo uliotulia huendelea kubonyeza barafu polepole. Mwendo nao una hatari yake: gari huanzisha wimbi chini ya barafu, na likienda sawasawa na wimbi hilo, mtikisiko huzidi.

Warusi waliyajua hayo Novemba 1941, malori yao yalipoanza kuvuka ziwa Ladoga, lenye barafu isiyo na chumvi, kupeleka chakula Leningrad iliyozingirwa na adui. Mwanzoni yalipakiwa mzigo mdogo, yakaenda yakiachana, na madereva wengi waliacha mlango wazi wapate kuruka.